Kichwa cha Mjomba Mloka

Jumatano saa kumi na moja jioni Felista alikuwa ameinama kijitoni, akiosha karoti za kupakia kwenye Fuso la kesho yake, Mjomba Mloka alipoteremka kutoka makaburini. Alikuja kama siku zote, bila kichwa, akipapasa migomba. Felista alijipangusa mikono, akamshika kiwiko, akamwongoza hadi kwenye benchi la barazani. Alimgonga bega mara mbili, maana yake shikamoo. Mjomba alimgonga kiganja mara moja, maana yake marahaba.

Alikuwa kaka wa bibi mzaa bibi yake Felista. Wajerumani walimnyonga mwaka 1906 na daktari wa jeshi akaondoka na kichwa. Tangu hapo wanawake wa nyumba hiyo walimpokea kila jioni, mama akamwachia binti. Sasa moyo wa Felista ulikuwa umepanuka. Daktari wa mjini Morogoro alimkataza kubeba mizigo na kupanda vilima, akamwandikia vidonge. Binti yake wa pekee, Rahel, alikuwa Ujerumani mwaka wa pili, akisomea udaktari kwa Kijerumani. Felista akifa, Mjomba hangekuwa na wa kumshika mkono, labda arudishiwe macho yake.

Jumapili Rahel alipiga simu. Felista aliipokea juu ya jiwe nyuma ya kanisa, mahali pekee penye mtandao. Alikuwa amepumzika mara tano njiani.

"Shikamoo mama. Nimemwona Mjomba."

"Marahaba. Umeona kichwa?"

"Kichwa. Kiko kwenye kabati la kioo, ukumbi wa anatomia. Nilikuwa narudia neva za uso, nakosea, akanirekebisha kwa Kijerumani. Nikalalamika Kiluguru. Akaniuliza mimi wa nyumba ya nani."

"Hajambo lakini?"

"Hajambo. Anasema wanafunzi wa siku hizi hawasomi."

Ofisi ya chuo inayotunza vielelezo ilimpokea Rahel kwa adabu na kumpa fomu ya kudai kichwa kirudishwe. Ilitaka muhuri wa serikali ya kijiji, alama ya kidole ya mhusika na picha yake ndogo iliyopigwa ndani ya miezi sita. Mtendaji wa kijiji, Anselmi, alimwita Hafidhi, mpiga picha wa sokoni Nyandira.

"Mtendaji, hapa nipige nini?" Hafidhi aliuliza.

"Piga kilichopo."

"Wataikataa. Masikio hayaonekani."

Walicheka mpaka benchi likatikisika. Mjomba alihisi mtikisiko huo, naye akatikisa mabega.

Picha haikukataliwa. Tatizo lilikuwa swali la saba, lililouliza kama mhusika ana wazao wenye haki juu yake. Anselmi aliandika: Hana. Mjomba alizaa watoto wanne, na uzao wao umejaa nusu ya kijiji cha pili, lakini Mluguru ni wa ukoo wa mama yake, na maiti ya mwanamume ni ya wana wa dada zake. Andrea, kilembwe wa Mjomba kwa upande wa baba, ndiye aliyeshika kidau cha wino wakati wa kuweka kidole. Hakuna aliyefikiria kumwandika, hata yeye mwenyewe. Alitia saini kama shahidi, na penye uhusiano akaandika: jirani. Rahel alizisoma karatasi zote kabla ya kuzipeleka, akaona kila jibu ni sahihi.

Jibu lilikuja baada ya wiki sita. Kwa kuwa mhusika hana wazao, hakuna mwenye haki ya kumdai. Kielelezo kingeendelea kutumika katika ufundishaji, ambako mchango wake ni mkubwa.

Rahel alikwenda kueleza. Ofisa alimmiminia maji, akasikiliza habari za ukoo wa mama mwanzo hadi mwisho, akaandika nukta chache. Kisha akasema kwamba maelezo yenye muhuri wa serikali hayawezi kukanushwa na walioyatoa. Rahel alilia kwenye ngazi dakika kumi na mbili, halafu akarudi ukumbini, kwa sababu mtihani wa mdomo wa anatomia ulikuwa Alhamisi. Alikuwa ameshaufeli mara mbili. Akifeli mara ya tatu, angefutwa chuoni, na kibali cha kuishi kingefutwa pamoja naye.

"Miguu bado inakuja?" kichwa kilimwuliza.

"Inakuja kila jioni."

"Iambieni ipumzike."

"Haisikii, Mjomba."

Kichwa kikamwambia aanze upya na neva ya tano.

Ijumaa jioni Felista alipanda tena kwenye jiwe. Safari hii alipumzika mara tisa.

"Mama, nimefaulu."

"Mungu mkubwa! Hongera, mwanangu."

"Na nimepewa kazi ya saa nane kwa wiki, kutunza vielelezo."

"Kuvitunza vipi?"

"Kufuta vumbi. Leo nimepewa na kalamu. Namba kwenye paji la uso la Mjomba ilikuwa imefifia, nikaambiwa niiandike upya."

Felista alihamishia simu sikio la pili.

"Yeye alisemaje?"

"Alisema nisiwe na haraka. Aliyeandika mara ya kwanza alitia doa."

"Ukaandika vizuri?"

"Nimeandika vizuri, mama. Inasomeka hata ukiwa mlangoni."

Felista alimwagiza amfikishie salamu, akakata simu, akaanza kushuka. Kule ng'ambo ya bonde Mjomba Mloka alikuwa ameshatoka makaburini, mikono imenyooshwa mbele, akielekea upande usio na njia. Felista alimwona vizuri. Kukimbia hakuweza.