Pete Ndani ya Chungwa

Nalala kibarazani baada ya chakula cha mchana, mvua inagonga bati, na kitu cha mwisho ninachokiona kabla macho hayajafumba ni miguu ya mke wangu Mwamvua chini ya kiti chake, na maganda ya karanga anazobambua yakidondoka karibu na uso wangu juu ya mkeka. Mkononi nina chungwa. Nimempa yeye, akalikataa. Samahani mzee wangu, ameniambia, mimi sipokei vitu kwa watu nisiowajua. Amesema kwa adabu kabisa, na hiyo adabu ndiyo iliyoniumiza. Alasiri hii binti yetu Sikudhani anakuja kumchukua akakae naye Dodoma, kwa sababu mama yake anaogopa kulala nyumba moja na mwanamume mgeni, na mwanamume huyo mgeni ni mimi. Nimemwomba Sikudhani kitu kimoja tu: akifika amuulize mama yake, na kama atanitambua, basi amwache. Tangu asubuhi namuuliza Mwamvua, unanijua? Unanijua mimi? Na kila nikiuliza ananitazama kwa huruma, anatikisa kichwa, anarudi kwenye ungo wake. Karanga zinadondoka, mvua inagonga, bati linagonga, linagonga kama magurudumu kwenye reli, na mkeka unatikisika, na mimi nimo ndani ya treni.

Nimo behewa la mwisho, mahali pangu pa siku zote, na Mwamvua yuko la mbele. Ndivyo tulivyosafiri miaka yote nilipokuwa Profesa Kasanda, Mfalme wa Mazingaombwe, tukishuka Morogoro, Itigi, Tabora, Urambo, popote penye ukumbi na watu wa kushangaa. Hatukutakiwa kuonekana pamoja, maana yeye ndiye aliyekuwa siri ya kazi yangu. Anakata tiketi kama wengine, anakaa katikati ya watu, nami nasimama jukwaani na koti langu jeusi nasema, namtaka mama mmoja mwenye moyo, yeyote, haya wewe hapo mwenye kitenge cha njano, njoo mama, usiogope. Namuuliza mbele ya ukumbi mzima, mama, tumewahi kuonana mimi na wewe? Naye anawageukia watu na kusema, sijawahi kumwona maishani mwangu. Anaisema vizuri mno, kuna siku mimi mwenyewe namwamini. Naomba pete yake. Nani kakuvisha? Mume wangu. Yuko wapi? Yuko safarini. Hapo watu hoi kwa kicheko. Pete inapotea, wanawake wanamwonea huruma, wengine wananitukana, kisha napasua chungwa na pete imo ndani, namvisha tena, na ukumbi unalipuka kwa makofi. Na wakati namvisha, bila mtu kuona, kidole gumba chake kinakibonyeza kiganja changu mara mbili. Hiyo ni alama yetu: kila kitu kiko mahali pake. Nimemwoa mwanamke huyu katika kila mji wenye stesheni. Halafu yeye anakwenda gesti yake na mimi yangu, mke na mume wa kuibiana, na Itigi kuna karani mmoja alimfuata hadi mlangoni kumposa, akamwambia, mama, mume gani huyo haishi safari? Tumemcheka karani huyo mpaka nywele zetu zimekuwa nyeupe.

Sasa natembea kwenda mbele. Behewa linazaa behewa. Nafungua mlango nakuta viti, nafungua mwingine nakuta viti vilevile na maganda yaleyale ya karanga sakafuni, na dirishani nchi inapita, mara mchana, mara alfajiri, mara hakuna nchi, ni bati tupu linalotiririka maji. Najiambia, huu ni mchezo wa mlango mmoja unaozungushwa, kazi ya kitoto, lakini naendelea kutembea. Kwenye maungio ya mabehewa amesimama mkaguzi wa tiketi. Ana kofia ya reli, na chini ya kofia hana uso, ni ngozi tu, laini kama yai lililomenywa. Natafuta mshono shingoni, siuoni, nampa heshima yake. Shikamoo, namwambia, kwa kuwa mtu asiye na uso huwezi kujua umri wake. Marahaba, anajibu, na sauti inatokea kwenye mfuko wa shati. Behewa la mbele liko mbali? Liko mbali kwa anayelifuata. Na kwa asiyelifuata? Huyo amekwisha kufika. Namwambia, bwana, maneno ya namna hiyo nimeyauza mimi maisha yangu yote, usiniuzie. Mke wangu yumo? Yumo. Ananijua? Hapo anainamisha kofia na kusema, kitendawili. Nami, ningefanyaje, nasema tega. Nyumba yangu ina milango miwili, wa mbele umefungwa na ufunguo umepotea, wa nyuma uko wazi mchana na usiku, na mwenye nyumba analia nje kwa sababu anagonga wa mbele tu. Nafikiri. Nafikiri behewa zima. Sijui, namwambia. Basi nipe mji, anasema, kama watoto wanavyodaiana. Nampa Itigi. Anapuliza filimbi isiyo na sauti, na treni inasimama Itigi.

Ila Itigi hii imegeuka. Jina la stesheni limeandikwa kinyumenyume, saa ya ukutani inarudi ilikotoka, wapagazi wasio na nyuso wanasalimiana kwa mkono wa kushoto, na pete za ndoa ziko mikono ya kulia. Kioo, najisemea. Vioo nilivificha katika kila sanduku langu, najua pembe zake, najua pa kusimama usionekane. Hapa sipajui. Barabara ya ukumbi inapita mbele yangu na nyuma yangu kwa pamoja, nageuka nakutana nayo, nageuka nimo ukumbini. Umejaa. Nyuso hazimo, makofi yamo. Kiti kimoja tu kiko wazi, kile cha pembeni karibu na njia, cha Mwamvua, na juu yake kuna kitenge cha njano kilichokunjwa. Nakaa. Pazia linafunguka na anayetokea jukwaani ni yeye, amevaa koti langu jeusi, mikono imempita, na katika mji mzima ni yeye peke yake mwenye uso. Moyo wangu unaniuma kwa furaha. Wewe hapo, anasema, baba mwenye chungwa, njoo, usiogope. Napanda ngazi. Baba, ananiuliza mbele ya watu wote, tumewahi kuonana mimi na wewe? Nami nasahau kazi kabisa, nasema, Mwamvua, ni mimi, ni mume wako. Watu wanacheka. Uso wake unafifia kidogo, kama chaki iliyopitiwa na kiganja. Naongeza sauti, nataja nyumba yetu, nataja Sikudhani, nataja hata yule karani, na kila ninapotaja uso unafifia zaidi, macho yanakwenda, mdomo unakwenda. Anainama sikioni kwangu. Mzee, ananong'ona, jibu ulivyofundishwa. Basi namshika mkono, nawageukia wasio na nyuso, na nasema, sijawahi kumwona maishani mwangu. Maneno yanatoka makavu. Lakini kidole gumba changu, bila kuniomba ruhusa, kinambonyeza kiganjani mara mbili. Na uso wake unarudi wote, mpaka kovu dogo la nyusi, mpaka pengo la jino. Ndipo najua mlango wa nyuma ni upi. Mwamvua anacheka, anapasua chungwa, na badala ya pete inatoka mvua, inagonga bati, inagonga bati.

Baba, amka basi, maji yanakufikia. Ni Sikudhani, amesimama kwenye ngazi anakung'uta mwavuli, begi la mama yake limeshafungwa liko mlangoni. Shikamoo baba. Marahaba mwanangu. Anapiga magoti mbele ya kiti. Mama, huyu mzee unamjua? Mwamvua ananitazama kwa huruma ileile, na anaanza kutikisa kichwa. Sisubiri. Nainuka, nakaa kwenye mkeka karibu na magoti yake, napitisha mkono wangu chini ya khanga aliyojifunika mapajani, naushika wake, na nasema kwa sauti ya ukumbini ambayo koo langu halijaitoa siku nyingi, mama, tumewahi kuonana mimi na wewe? Anaacha karanga, na mkono wake wa pili nao unaingia chini ya khanga. Mgongo unanyooka. Anamgeukia Sikudhani, anaigeukia mvua, wote ni watazamaji wake, na anasema, sijawahi kumwona maishani mwangu. Sikudhani anafuta machozi kwa kiganja. Pole baba, ananiambia, nilijua. Mama, twende, gari linangoja. Nitakwendaje? anasema Mwamvua. Mume wangu yuko safarini. Akirudi asinikute? Mimi siondoki hapa. Na chini ya khanga kidole gumba chake kinakibonyeza kiganja changu. Kinatulia. Kinabonyeza tena.

Lirudishe begi ndani, namwambia Sikudhani, naye ananitazama, anamtazama mama yake, haelewi, lakini analiinua na kulirudisha. Nami nabaki nimekaa. Mikono yake yote miwili bado imefunikwa, na pete imo humo, sijaipapasa. Ningeinua khanga kidogo tu ningeiona, iko kushoto au iko kulia, na ningejua kama nimeamka au bado niko Itigi ile ya kinyumenyume. Kila mchezo niliouona maishani nimetaka kujua umefanywaje. Mwamvua ananiomba chungwa. Nampa, namwekea mapajani, na khanga naiacha ilivyo.