Azola ya Lambo la Puge

Ng'ombe walifika ukingoni mwa lambo, wakanusa, wakageuka. Maji hayakuonekana. Azola ilikuwa imeyafunika yote, kijani kibichi kama uwanja wa mpira baada ya mvua, na perege waliokufa walikuwa wameelea matumbo juu. Nilisimama pale na ndoo yangu tupu, nikijua ni kazi ya nani.

Ni mimi niliyeileta Puge. Miaka sita nililima mwani Bagamoyo, na niliporudi nyumbani usharika ulinipa vijana kumi na wawili niwafundishe kilimo kisichokata miti. Bahari hawakuwahi kuiona. Niliwachorea ukutani kwa mkaa: vigingi, kamba, mashada ya mwani. "Mwani hukaa pale ulipofungwa," niliwaambia, nikijiona mjuzi kwelikweli. Huku hakuna maji ya chumvi, kwa hiyo tulilima azola, mmea mdogo unaoelea juu ya maji, chakula cha kuku. Tuliipanda kwenye mashimo tuliyotandika maturubai.

Oktoba mashimo yakakauka. Shilinde, aliyewapita wenzake wote kwa akili, alinifuata jikoni.

"Shikamoo, mwalimu. Si tuihamishie lamboni? Tutaizungushia kamba, kama mwani wako."

Nilijua mvua ya kwanza ingeipitisha juu ya kamba, na kwamba lambo lile ndilo lililonywesha kijiji kizima. Lakini wageni wa mradi walikuwa njiani, na nilitaka wakute kijani.

"Marahaba. Ihamisheni," nikasema, nikaendelea kusonga ugali.

Samaki walipokufa, sungusungu waliitisha mkutano. Mzee Sixbert, mkuu wao, aliuliza nani aliruhusu. Shilinde akanitazama. Alikuwa ananisubiri, kwa adabu ile ile aliyozoea ya kumwachia mkubwa aanze kusema. Mimi nikatazama miguu yangu. Niliona aibu, na aibu ilinishinda.

"Ni mimi," akasema Shilinde.

Mji wao ukatengwa, na mji wenyewe ulikuwa yeye na mama yake, Kabula. Huku kwetu aliyetengwa hasalimiwi, hapewi moto, na akifiwa hakuna anayekwenda msibani. Nilipopishana na Kabula njiani, aliinamisha kichwa yeye, ili mimi nisipate taabu ya kugeuza uso.

Machi Kabula akafariki. Kutoka dirishani kwangu nilimwona Shilinde akimchimbia mama yake kaburi, peke yake, tangu asubuhi hadi jua la utosi. Alipumzika mara mbili. Sururu yangu ilikuwa nyuma ya mlango, na pale ikabaki. Baada ya wiki Shilinde aliondoka, wengine wanasema yuko Ulyankulu.

Huu ni mwaka wa tatu, na bado nafundisha. Vijana wapya huniuliza kwa nini tunahangaika kuchimba mashimo ilhali lambo lipo. Nawajibu kwamba palikuwa na kijana mmoja hapa, hakusikia alichoambiwa.