Maziwa ya Chai ya Walimu

Mwalimu Kendi alikuwa amechoka na ile chati. Watu wa afya wa kaunti waliileta ikiwa na picha za samaki, tufaha na yai la kuchemsha, na kila muhula aliibandika ukutani akawaimbisha watoto vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kukinga maradhi. Watoto wa shule ya Chechelesi waliimba vizuri sana, matumbo yakiwa matupu. Chakula cha shule kilikuwa kimeahidiwa tangu muhula ufunguliwe, na ahadi haipikwi sufuriani.

Siku moja akaigeuza chati ikatazama ukuta. "Wacha tuongee ya nyumbani," akawaambia. "Nani ako na mbuzi kwao?"

Mikono michache ikainuka, mmoja mwembamba kama kijiti cha mswaki. Ulikuwa wa Akolong, ambaye siku hizo alisinzia kila somo na nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu kwa njaa.

"Basi mko na dawa. Maziwa ya mbuzi ni ya mtoto. Akunywe kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote." Kendi aliyasema hayo kwa moyo wote, akimtazama Akolong.

Katika huruma yake alisahau jambo moja. Nakuam, mamake Akolong, ndiye aliyewauzia walimu maziwa ya chai ya saa nne, na Akolong ndiye aliyeyabeba kwenye mtungi kila asubuhi.

Mtoto msikivu ni baraka, lakini baraka nyingine zina miba. Kesho yake mtungi ulifika shuleni ukiwa mwepesi. Siku iliyofuata ulijaa, kwa sababu Akolong alikunywa fungu lake njiani kisha akajazia maji ya bomba. Chai ikatoka ya kijivu. Njeru, mwalimu mkuu, akaonja akakunja uso.

"Haya ni maziwa ama ni maji ya kuosha sufuria? Tutafute mtu mwingine."

Njeru hakuwa mtu mbaya. Kikombe kile ndicho pekee walimu walichotia tumboni mpaka jioni, nao pia walikuwa wamechoka.

Nakuam akaitwa ofisini, mbele ya Njeru na Kendi. Kendi alijiandaa kugombezwa, na afadhali angegombezwa. Mama yule aliketi ukingoni mwa benchi, akasema kwa sauti ya chini:

"Madam, ni wewe umeambia mtoto akunywe?"

"Ni mimi, Mama Akolong. Huyu mtoto amekonda."

"Naona. Si ni mimi namuosha? Lakini mbuzi imebaki tatu, na hiyo maziwa ndio unga yetu. Akikunywa yeye, wale wadogo wanalala njaa. Wewe umesoma. Niambie, nichague nani?"

Kendi alikumbuka semina zote za lishe alizohudhuria. Alijiona mjinga. Kisha akajisikia mchovu tu, uchovu wa mtu anayefagia uwanja wakati wa upepo.

"Mtoto amwombe mwalimu wake msamaha, na isirudiwe tena," Njeru akasema. "Tutaendelea kununua kwako, mama."

Akolong akaletwa. Akasimama mbele ya Kendi, mikono nyuma, macho chini, jinsi asimamavyo mtoto aliyefunzwa adabu kwao.

"Nisamehe, mwalimu. Sitakunywa maziwa tena."

Wote wakamgeukia Kendi. Nakuam naye alimtazama, na machoni mwake hapakuwa na lawama. Palikuwa na ombi: sema, madam, sema upesi. Kendi alitaka kupiga kelele kwamba mtoto hajakosa lolote. Lakini akisema hivyo, mwalimu mkuu angetafuta maziwa kwingine, na jioni ile nyumbani kwa Nakuam kusingekuwa na ugali.

"Nimekusamehe," akasema.

Akolong akamshukuru, akarudi darasani.