Maji ya Mgongo wa Elieth

Wewe unayesoma, uligeuza uso. Usibishe. Ulisikia kwamba huko karibu na bwawa la Manchira kuna mtoto anaumwa kichwa wiki ya tatu, ukasema ni malaria tu, ukaenda zako. Sisi hatusahau. Elieth hajazaliwa tuliambiwa vifaa vya maabara viko njiani. Elieth sasa ana miaka tisa.

Mama yake, Wegesa, alimfikisha hospitali shingo imekaza kama mpini wa jembe. Zahanati ilishampa dawa ya malaria mara mbili. Daktari Vicent akamchoma sindano ya kuua bakteria hapo hapo, kisha akavuta karatasi.

"Mama Elieth, hii ni homa ya uti wa mgongo. Nataka nitoe maji kidogo mgongoni. Yakiwa na ukungu kama ya kuoshea mchele, ni bakteria. Yakiwa safi, huenda ni TB, huenda ni kuvu, huenda ni virusi, na dawa zao hazifanani. Weka sahihi hapa."

"Siwezi. Mwenye mtoto ni Mokami."

"Ndiye baba yake?"

"Ni mwanamke. Ndiye aliyenioa."

Daktari, mtu wa kuja, akakodoa macho. Mokami hakujaliwa mtoto wa kiume, basi alitoa ng'ombe akamwoa Wegesa amzalie nyumba yake. Hiyo ndiyo nyumba ntobu, Mkurya yeyote anaijua.

"Mama, aliyezaa ni wewe. Sahihi yako inatosha."

Wegesa aliishika kalamu, akairudisha mezani. Akapiga simu Tarime, alikokwenda Mokami msibani.

"Usithubutu!" Mokami alifoka. "Mtoto wa Mseti walimtoboa mgongo, kesho yake tukazika. Unataka kuniulia nyumba?"

"Mama, yule alipelekwa keshazimia."

"We! Udaktari umesomea wapi, kwenye shamba la mihogo? Ngoja nije."

Akangoja. Kesho yake, saa sita mchana, jua kali dirishani, Elieth akauliza, "Mama, mbona mmezima taa?"

Mokami alifika jioni. Mtoto hakuijua hata sauti yake. Bibi yule mkali hakubishana tena. Akabonyeza dole gumba kwenye karatasi.

Maji yakatoka tone kwa tone, maangavu kama ya chemchemi.

"Safi!" Wegesa akapiga makofi. "Daktari, si ni mazima haya? Hana ugonjwa!"

Vicent akakifunga kichupa cha maji hayo. Nani angemwambia kwamba maji safi si uzima?

Maabara ilikuwa na darubini moja. Chembe nyeupe za damu zilionekana, nyingi: mwili unapigana na ugonjwa. Ugonjwa gani? Vifaa vya kupimia hakuna. Kichupa kikapandishwa basi la Mwanza, na daktari akaanza dawa za TB kwa kukisia. Kama ni kuvu, basi anamnywesha dawa isiyo yake.

Leo ni siku ya nne. Majibu hayajarudi. Wegesa anamshika mtoto mkono, na mkono haumshiki.

Inuka sasa, si kesho. Nenda hospitali ya wilaya yako, uliza mbele za watu: maji ya mgongo mnayapima hapa, au mnayapakia basi? Wakisema basi, usitoke mlangoni. Mwite diwani, mwite mbunge, waje wajibu hapo hapo. Na mwanao shingo ikimkaza, usingoje mtu: weka sahihi wewe.