Chumba cha Kusikilizia Watoto

Kwa jina la Msikivu, asikiaye nyayo za sisimizi mweusi juu ya jiwe jeusi, wala hahitaji kujaziwa fomu. Sifa njema ni Zake, na rehema zimshukie Mtume Wake, aliyeifupisha sala kwa kusikia mtoto analia.

Baada ya hayo, watu wapangwe kwa vyeo, kwani shuleni asiyejipanga hupangwa. Wa kwanza ni mwalimu mkuu, mtu mpole, mpenda mipango. Wa pili ni mkaguzi wa elimu, ajaye mara moja kwa mwaka na kuogopwa mwaka mzima. Wa tatu ni fundi mwashi. Wa nne ni mwalimu wa hesabu wa darasa la tatu, ambaye habari hii yamhusu zaidi. Wa mwisho, kama ilivyo ada, ni mtoto: msichana wa miaka tisa, wa dawati la pili karibu na dirisha, aliyepewa jina la Chiriku zama zile alipokuwa akisema kutoka kengele ya kwanza hadi ya mwisho.

Mwalimu wa hesabu alikuwa pia mshauri wa wanafunzi. Cheo hicho alikipata siku aliyokosa kikao kwa kumwuguza mama yake. Aliporudi alikuta kimekwisha bandikwa ukutani pamoja na jina lake. Alipewa wanafunzi wa shule nzima, na dakika kumi kila Ijumaa, baina ya usafi na kengele ya kwenda nyumbani. Utaratibu ulikuwa wa kupigiwa mfano. Mtoto mwenye dukuduku aliandika fomu na kuitumbukiza katika sanduku la mbao nje ya ofisi. Ufunguo alikaa nao mkaguzi, siri za watoto zisije zikavuja. Hazikuvuja.

Muhula wa kwanza mama yake Chiriku alifariki. Watu wazima waliafikiana, kwa huruma, kwamba mtoto aambiwe mama amesafiri. Walimu nao walikwenda maziko, wakarudi, wakaonyana ulimi usiteleze. Nyumbani, bibi yake alimkalisha mkekani akamwambia, "Mjukuu wangu, mtoto mwema haulizi msafiri atarudi lini." Chiriku alikuwa mtoto mwema.

Jumatatu moja, katikati ya jedwali la saba, aliinua mkono. Mwalimu alidhani ana jibu.

"Mwalimu, nataka kuuliza. Si la hesabu."

"Lisilo la hesabu lina siku yake," mwalimu alimjibu. "Ijumaa."

Mtoto alimeza mate, akakohoa mara mbili, akatema jiwe kiganjani. Lilikuwa la kijivu, ukubwa wa yai la kuku, kavu, na pembe zake zimenyooka. Mwalimu alimwambia akaliweke nje lisije likamkwaza mtu, kisha wakaendelea na saba mara nane.

Ijumaa hiyo usafi ulichelewa. Ijumaa ya pili kulikuwa na majaribio. Kufikia ya tatu Chiriku alikuwa na mawe kumi na moja, na hakuwa peke yake. Mtoto wa darasa la pili, aliyeogopa kwenda chooni kwa sababu ya wakubwa waliomvizia huko, alitema vijiwe vya kokoto. Pacha wa darasa la tano, ambao nyumbani kwao hupigwa wote kwa kosa la mmoja, walitema mawe yanayolingana. Darasa la mwisho, lenye mtihani mkubwa, lilitoa mawe ya msingi.

Wazazi waliitwa. Baba mmoja alilalamika kwa uchungu: mawe ya mwanawe yalikuwa madogo kuliko ya mtoto wa jirani, na hali wamesoma pamoja tangu chekechea. Aliahidiwa kwamba jambo hilo litafuatiliwa.

"Ndugu zangu, Mungu hamtupi mja wake," mwalimu mkuu aliwaambia walimu kikaoni. "Tumeagizwa tujenge chumba cha kusikilizia watoto. Na mawe ndiyo haya."

Fundi mwashi akaitwa. Aliliokota jiwe la Chiriku, akaligonga kwa nyundo, akaliweka sikioni. "Hili limekomaa," alisema. "La huyu halitaki kuchongwa. Anayo mengine?"

Alikuwa nayo. Chumba kikapanda mstari kwa mstari. Na kwa kuwa si adabu kumsikiliza mtoto mahali pasipostahili, dakika kumi za Ijumaa zilisitishwa hadi chumba cha kumsikilizia kikamilike.

Asubuhi moja, wenzake walipokwenda kucheza, Chiriku alibaki. Alikuwa amekonda. "Mwalimu, kikiisha, nitakuwa wa kwanza?"

"Wa kwanza kabisa, mwanangu," mwalimu alisema, na akaliandika hilo nyuma ya daftari lake la maandalizi, asije akasahau.

Siku ya ufunguzi mkaguzi alikata utepe. Ndani mlikuwa na viti viwili na picha ya mtoto anayecheka. Watu walipotulia, kuta zilianza kusema kwa sauti za chini. Jiwe la pembeni mwa mlango liliuliza kama kuna choo kingine. Jiwe la dirishani, kwa sauti ya Chiriku ya zamani, liliuliza, "Mama atarudi lini?" Lililo juu yake likauliza vilevile, na yote yaliyolizunguka.

Mkaguzi alisikiliza kwa makini, akaandika. Alisema chumba ni kizuri ila kina mwangwi, akashauri kipigwe plasta, ikiwezekana mara mbili. Alipoonyeshwa sanduku la fomu alijipapasa mifukoni. Ufunguo alikuwa ameusahau. Angekuja nao mwakani.

Plasta ilikauka kwa siku tatu. Kisha mlango ukatiwa kufuli, watoto wasije wakakichafua, na karatasi za mtihani zikahamishiwa humo, kwani hapakuwa na mahali pakavu zaidi shuleni.

Ijumaa Chiriku alisimama mbele ya kufuli, sare yake imepigwa pasi. Alikuwa wa kwanza, kama alivyoahidiwa. Mwalimu alikuja na chaki vidoleni, akachuchumaa mbele yake.

"Mwalimu," alisema mtoto, "mama yangu amekufa?"

Jibu lilikuwa neno moja. Mwalimu alikuwa nalo tangu siku ya maziko. Alimkumbuka bibi, akakumbuka walimu walivyoonyana, akafumbua kinywa, akakohoa. Jiwe la mtu mzima ni zito. Lilianguka mchangani likiwa na vumbi la chaki.

Chiriku aliliokota kwa mikono miwili, akalifuta kwa pindo la sketi, akaliweka sikioni kama alivyomwona fundi. Jiwe lilisema lile neno moja, kwa sauti ya mwalimu. Alilisikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa taratibu, kisha akalibeba hadi nyuma ya jengo, fundi alikokuwa akichagua mawe ya ukuta wa uzio.

"La nani hili?"

"La mwalimu."

"Zuri," alisema fundi. "Tutaliweka langoni."

Kengele ikalia. Jumatatu waliendelea na saba mara tisa.

Mola amrehemu aliyekwenda safari isiyo na marejeo, na awajaalie waliobaki, wakubwa kwa wadogo, sikio lisilongoja kujengewa chumba. Amin.