Fungu la Mama Boram

Wamemshusha kwenye boti, Danbi! Mama Boram, jirani yetu! Wanaume wawili wamemshika makwapani wakamweka gatini kama gunia lililozidi. Ngoja, nikuanzie mwanzo.

Leo si ndiyo siku ya kukata mwani. Bahari imekupwa vizuri, kila nyumba imetoa mtu wake. Mama Boram kawatangulia wote gatini, mundu kiunoni. Binti yake anajifungua wiki hii huko mjini Mokpo, na mama gani ampikie mzazi supu ya mwani wa dukani? Anautaka wa mwamba wetu, jani refu, halijakatwa wala kukunjwa. Ukiukunja mwani wa mzazi, uzazi unakwama. Cheka tu, bibi yako hakuthubutu.

Na mwamba wenyewe kaukwangua nani? Januari nzima, upepo unachana midomo, yeye na patasi anabandua magamba yaliyogandia jiwe ili mwani upate pa kushika. Mumewe kazikwa Novemba tu. Shemeji yake Pilgyu, mdogo wa marehemu, ndiye mwenyekiti wa chama cha wavuvi. Alikuwa akimpelekea kahawa ya moto kule kule mwambani. "Kwangua, shemeji. Fungu la kaka kwenye mwani halipotei."

Basi leo kaweka mguu mmoja botini, Pilgyu akamzuia.

"Shuka, shemeji."

"Nishuke niende wapi? Maji yatajaa, we!"

"Fungu lilikuwa la kaka. Mkutano wa Aprili umeamua, nyumba isiyo na mwanamume haina fungu."

"Mkutano gani? Mbona sikuitwa?"

"Ulikuwa Mokpo kwa mwanao."

"Na Januari, Pilgyu? Nyumba yangu ilikuwa na mwanamume?"

Mtu akacheka huko nyuma. Pilgyu akawa mwekundu. "Usitutie nuksi asubuhi. Ukitaka, panda kama kibarua."

Mama Boram akawageukia wanawake, hawa hawa aliowafundisha kusimama wimbi linapopiga. "Nani alinyoosha mkono mkutanoni?"

Wote wakainama kufunga viatu. Na mama yangu, Danbi. Buti zake za mpira hazina hata kamba!

Kibarua hataki, mguu hautoi botini; hapo ndipo wakamshusha.

Boti ziliporudi alikuwa bado kaketi pale pale, hajala. Mafungu yakagawanywa mbele yake, watu wakimzunguka kama nguzo ya kufungia kamba. Pilgyu akamtupia kiroba cha mchele, ndani katia mwani. "Mpelekee mtoto. Isisemwe sina huruma."

Mama Boram akautoa mwani, akaunyoosha kwenye saruji. Ulikuwa umekunjwa mara tatu, shina limevunjika kila penye kunjo.

Simu yake ikalia, binti yake, sauti naisikia hadi niliposimama.

"Mama, uchungu umeanza. Mwani umeupata?"

"Nimeupata, mwanangu. Mrefu! Kunizidi mimi."

"Haujakunjwa?"

"Nani aukunje na mimi nipo?"

Kakata simu, kakaa, viganja vimefunika penye kuvunjika, eti asipaone mwenyewe. Nikasema nimwendee, nimshike hata bega... We, mama ananiita! Nikamsaidie kuanika, fungu letu mwaka huu limezidi, kamba hazitoshi. Kesho nikikupigia nitakwambia kama kapanda meli ya Mokpo, na kapanda na nini mkononi.