Programu ya Sura za Shangazi Hafsa

Shangazi Hafsa wa Chumbageni alikuwa ameshaifuta programu ile mara nne. Mwamvua, binti wa kaka yake, alimtengenezea yeye hasa, kwa kuwa shangazi hakujua kusoma: akigusa sura ya mtu, simu inampigia mtu huyo. Tatizo, kidole kikikawia kidogo kwenye kioo, programu inafutika.

"Hujui kutengeneza kitu kikakaa," shangazi alimwambia. "Bibi yako alisuka mikeka, na mpaka leo tunaikalia."

Maneno hayo yalimkaa Mwamvua. Akaamua kuiweka programu kwenye sehemu ya mfumo, pale simu inapohifadhi vitu vyake yenyewe, ambako mtumiaji hawezi kufuta. Lakini alianza kwa kujaribu kwenye emuleta, simu ya kuigiza inayofanya kazi ndani ya kompyuta. Sehemu ile kwa kawaida husomwa tu, haiandikwi. Basi akaiwasha emuleta kwa amri ya kuruhusu kuandika, akaipakia programu, akaiwasha upya. Sura zote zikajitokeza.

Kesho yake asubuhi akamwita shangazi ofisini kwake Usagara.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Haya, nionyeshe hicho kisichofutika."

Mwamvua akaiwasha emuleta kwa kubonyeza kitufe, kama siku zote. Saa ilikuwapo, kalenda ilikuwapo. Programu ya sura haikuwapo.

Shangazi aliinua mikono yote miwili juu. "Leo sijagusa kitu. Uwe shahidi."

Mwamvua aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Akapekua alichoandika jana, kisha akacheka mwenyewe. Kumbe ile amri ya kuruhusu kuandika hutakiwa kila emuleta inapowashwa; ukiisahau, inafunguka ya zamani, kama vile hujafanya kitu. Akaizima, akaiwasha kwa amri yake. Sura zikarudi.

"Sasa ifute," akasema.

Shangazi alishika kipanya, akabonyeza, akakawia, akavuta huku na huku. Programu ikagoma.

"Kaidi kama babako," akasema, na Mwamvua akajua amesifiwa. "Sasa hii kompyuta nitaibeba vipi sokoni?"

Ilibidi Mwamvua akiri kwamba simu ya shangazi imefungwa na walioiunda, haikubali kuandikwa huko ndani. Alihangaika wiki mbili hadi akapata simu kuukuu inayokubali kufunguliwa, akaifanyia vilevile, akampelekea.

Mwezi uliofuata shangazi alipiga simu kutoka Amani, alikokwenda kumtazama binti yake aliyejifungua.

"Sura zote zipo," alisema. "Nimejaribu kuzitoa, hazitoki. Ila mwanangu, picha yako umenuna kama umedaiwa mahari. Na ndiyo haifutiki. Niletee nyingine kabla mjukuu hajaanza kukuogopa."